Nauli ya Kwenda Kuangalia Nilikotoka

Viatu vyangu bado havijakauka, na mama watoto amenikataza kulizungumzia jambo hili hadharani, kwa hiyo ninaliandika.

Mtu yeyote aliyezaliwa Dar es Salaam anajua kwamba pwani yetu inatazama mashariki. Jua hutoka baharini asubuhi, wakati sisi tumening'inia mlangoni mwa daladala, na jioni huenda kuzama huko Kimara, juu ya foleni, ambako hakuna anayelipigia makofi. Mama watoto aliona kwenye simu picha za shoga yake akiwa Forodhani, Unguja, nyuma yake jua jekundu likiingia majini, na tangu siku hiyo chakula kikawa kinatengwa kwa kishindo. Nikajisalimisha. Tulipanda boti, tukakaa baharini karibu saa mbili, mimi nikiwa nimekumbatia mfuko wa plastiki kwa sababu ambazo si lazima nizitaje.

Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa tumekwishakaa kwenye ukuta wa gati, Beit al-Ajaib ikiwa nyuma yetu. Jumba hilo la Sultani Barghash lilisimama tangu mwaka 1883 hadi sehemu yake ikaporomoka mwaka 2020, nami baada ya safari ile nililihurumia kama ndugu. Vijana walikuwa wakikimbia na kujirusha baharini kwa sarakasi, na wa tatu wao ndiye aliyeniogesha miguu. Nikanyamaza, kwa kuwa mtu mzima hagombani na maji.

Hapo ndipo akanijia papasi, mmoja wa wale vijana wanaowawinda watalii kuwauzia matembezi.

Nakiri kwamba nilikuwa nimevaa kaptula na shati lenye minazi, kwa amri ya mama watoto, pamoja na kofia ya pama. Lakini uso nilikuwa nao uleule. Kijana akanisalimu kwa Kitaliano. Nikamjibu, "Salama, kijana wangu." Akashika kifua kwa mshangao, akanisifu kwa Kiingereza kwamba Kiswahili changu ni kizuri mno, akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia Mbagala. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama Mbagala iko karibu na Milano.

Nilijieleza kwa utulivu, kama mtu aliye mbele ya hakimu. Nilimtajia mtaa wangu, mjumbe wangu na kituo ninachoshukia. Akanitazama kwa mashaka, akaamua kuhamia kwenye Kiswahili, ila bei akaiacha katika dola: kuzungushwa kwa mashua, kulitazama jua kwa karibu zaidi, dola thelathini kwa kichwa. Nikamuuliza kwa karibu zaidi ni kiasi gani, maana jua ninavyolifahamu mimi halisogelewi kwa tanga. Akasema, "Basi mzee wangu, kumbe wewe ni wa bara, nikupe bei ya ndugu," akashuka hadi ishirini na tano.

Hapo heshima yangu ikaisha. Nilisimama, nikanyoosha kidole kuelekea magharibi, nikamwambia kwa sauti iliyowageuza hata wauza miwa kwamba ng'ambo ile jua linakozamia ni Bagamoyo na Saadani, ni bara, ni kwetu, kwamba mimi nimelipa nauli na kutapika njia nzima ili nije kukaa ukutani niangalie upande nilikotoka, na sasa yeye anataka dola ili anirudishe robo ya njia! Akasema ishirini. Nikasema hata shilingi ishirini sitoi. Akaniuliza kama napenda viungo, shamba lao liko jirani tu.

Nilipogeuka, jua halikuwepo. Huku kwetu karibu na ikweta halina adabu ya kuaga. Likishagusa maji, dakika mbili tatu limekwisha, na dakika zangu zote nilikuwa nimezitumia kwenye hesabu za dola. Mama watoto alikuwa amerekodi tukio zima. Katika video yake kuna anga la dhahabu, kuna jahazi linapita taratibu, na katikati kabisa kuna mgongo wenye minazi na kidole kimesimama mahali jua lilipo.

Adhana ya magharibi ikaita, majiko yakawashwa. Nikanunua pizza ya Unguja, ile ya kukunjwa na nyama na yai juu ya tava, na mwuzaji akanitajia bei kwa Kiingereza. Nililipa bila kubisha. Mama watoto akachukua pweza, akaweka sahani ukutani ili ampigie shoga yake simu, na paka mmoja mwenye sikio lililopasuka akaja akakaa juu ya kiatu changu kilicholoa, akaitazama sahani, akanitazama mimi. Huyo angalau hakunisalimu kwa Kitaliano, nami nikamsogezea mkia mmoja kabla mama watoto hajamaliza kueleza jinsi jua lilivyopendeza.