Jamani sikulia, ule ulikuwa upepo

Haya wakuu, najua wengi mshaiona ile video. Ilianzia kwa jirani yangu muuza chipsi, akaitupa grupu la mtaa, grupu la mtaa likaitupa huko linakokujua lenyewe, na jana usiku shemeji yangu kanipigia toka Moshi hata salamu hakuna, anacheka tu, anacheka weee mpaka salio likamuishia. Sasa kwa vile muuza chipsi kaandika pale juu "Mangi akilia baada ya kukwama dukani kwake", nimeona bora nieleze mwenyewe. Kukwama nimekwama. Kulia sikulia. Tuanzie hapo.

Kuna vitu viwili lazima mvijue. Cha kwanza ni hii baridi. Mtu wa Makete akisoma hapa atanitukana, kule wanaamka asubuhi umande umeganda kwenye majani, sisi huku Dar usiku ukishuka nyuzi 19 tushaanza kuulizana masweta. Na aibu yangu ni kubwa zaidi maana mimi ni mtu wa Machame, nimezaliwa migombani, nimeenda shule na kaptula alfajiri ukungu ukiwa bado umelala njiani. Ila miaka 14 ya Dar imenilainisha. Na hapa Kigamboni, Mji Mwema, bahari haiko mbali, ikifika Juni upepo wa kusi ukikolea mimi navaa mzula. Mweusi, wa mtumba, niliuokota soko la Karume, ndani una manyoya kama kondoo. Huo mzula muukumbuke.

Cha pili ni drafti. Wengine wana mpira, wengine mikeka ya kubeti, mimi starehe yangu ni drafti. Ubao upo kwenye benchi nje, pembeni kidogo ya dirisha la duka, vizibo 24 vya soda, 12 vimelala chali 12 vimelala kifudifudi. Kiangazi nakaa nje nacheza, mteja akija naingia kumhudumia. Kipupwe siwezi, najifungia ndani, mlango napiga komeo upepo usiingie, halafu nacheza kwa mdomo. Nasema "ile kete ya pembeni ipande", mpinzani anaipandisha.

Mpinzani wangu ni mzee mmoja mstaafu, simtaji, mwenyewe anajijua. Tatizo la huyu mzee, ukimpa mgongo upime sukari robo, ukirudi ubao umehama. Ukimuuliza anakuangalia kwa upole kabisa anakwambia, "Mwanangu, upepo." Na huo upepo wake unasogeza vizibo vyangu tu, vyake vina mizizi.

Basi bana, juzi Sabasaba. Mama Glory kachukua watoto kaenda nao kwenye maonyesho kule barabara ya Kilwa, mimi kaniachia duka. Sikukuu, hakuna aliyeenda kazini, mtaa mzima uko nyumbani unatafuta kitu cha kuangalia. (Walikipata.)

Mchezo ulikuwa mtamu. Nina kingi moja na kete tatu, mzee ana kete tano, na nimemtegea mtego ambao nimeusuka labda dakika kumi nzima, kwenye drafti kula ni lazima, akinila ile kete moja tu basi kingi yangu inazoa zake mbili kwa mpigo na mechi imeisha. Anayo njia moja tu. Anajua kwamba najua. Mkono uko kidevuni.

Akaja mtoto. "Mangi shikamoo, mama kasema nipe kiberiti na kitunguu kimoja, hela ataleta jioni."

Nikageuka. Sekunde nne jamani, sizidishi. Nikasikia kizibo kinakwaruza ubao. Krrrk.

Sasa pale dirishani kwangu kuna nondo, vile viboksi viboksi vya kawaida, katikati kuna tundu moja kubwa la kupitishia bidhaa. Fundi alipokuwa analichomelea aliniuliza bosi liwe na ukubwa gani, nikampa mkate mkubwa nikamwambia ukipita huu inatosha. Mkate unapita vizuri tu. Nilichokuwa sijui ni kwamba kichwa changu nacho, ukikiingiza kiubavu ubavu, na kikiwa na hasira, kinapita.

Nikatokeza kichwa mpaka shingoni. "NIMEKUONA MZEE!"

Na kweli nilimuona, kidole bado kiko juu ya kizibo. Huo ndo ulikuwa ushindi wangu wa mwisho siku ile.

Nikavuta kichwa kurudi. Kikaja kidogo, kikagoma. Nikajaribu kiubavu kama nilivyoingia, kikagoma. Kumbe ule mzula, ukingo wake wa nyuma umeshika nondo, kila nikivuta unajikunja kwenda juu, unajikunja, mpaka umekuwa ngata. Ngata kabisa ile ya kubebea ndoo, imenikaa nyuma ya masikio. Sasa fikirieni tundu la mkate, kichwa cha Mchagga, na ngata ya manyoya.

Dakika za kwanza nilijifanya nimependa mwenyewe. Mnacheka lakini ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikaweka uso wa mtu anayeangalia barabara. Mtoto bado kasimama. "Mangi, kiberiti." Kiberiti ninacho mkononi, mkono uko ndani, mimi niko nje. Nikakipitisha kwenye viboksi vya chini kwa kupapasa, akakipokea. Kitunguu hakikupita. Mtoto kakaa anakivuta kule, mimi nakisukuma huku, mpaka kikamenyeka.

Akapita dada mmoja anataka vocha. "Mangi, mbona hivyo?"

"Naota jua."

Jua lenyewe halikuwepo toka asubuhi.

Mzee akasema, "Zamu yako hiyo."

Muuza chipsi ndo akanisoma. Yule mtu ana macho ya mwewe, ameacha mafuta yanachemka kaja mpaka usoni kwangu, ameinama, ameniangalia kushoto, ameniangalia kulia, hajasema kitu, ametoa simu.

Baada ya hapo watu walijaa kama kumetangazwa wanagawa mchele. Na kila mtu ana ushauri. Wa kwanza anasema aingie mtu ndani amvute miguu, wakaenda mlangoni, komeo. Wa pili anasema tumvute kwa nje, kichwa kikipita mwili wote unapita, ndivyo paka alivyo. Mimi nina kilo 94. Wawili wakanishika taya wakavuta, nikasikia shingo inaongea lugha sijawahi kuisikia, nikawaambia naombeni muache tafadhali.

Akatokea bi mkubwa wa nyumba ya pili, yule ana busara, akasema, "Mwanangu, tafuta mafuta mazito tukupake, utateleza." Wazo zuri. Ila mafuta yako shelfuni, mikono yangu haina macho. Nikapapasa nyuma, nikakamata kikopo cha mduara, nikajua Blue Band ndogo, nikampitishia kwa chini kwenye kiboksi cha pembeni. Bi mkubwa hakuwa na miwani. Akafungua, akachota, akanipaka sikio la kushoto lote, anapaka huku ananisomea dua, mpaka mtoto mmoja akasema, "Bibi, hiyo dawa ya viatu."

Kwa hiyo nyie mnaouliza kwenye komenti kwa nini sikio moja jeusi linang'aa, jibu ndo hilo.

Muda wote huo upepo unanipiga usoni. Kusi ile ya saa kumi jioni, inakuja na mchanga, na siwezi kugeuka, siwezi kujifuta, mikono iko ndani ya duka inashikilia kaunta. Macho lazima yatoe maji. Hata yako yangetoa.

Mwishoni akaitwa fundi wa kuchomelea, yule yule aliyelipima tundu kwa mkate. Akaja na grenda, akasikitika kidogo, akasema nondo moja tu ikikatwa natoka. Waya wake akanipitishia kwenye kiboksi, nikatafuta soketi kwa kidole gizani, Mungu mkubwa nikaipata. Wakanifunika kichwa kwa khanga imelowekwa maji, kwenye hiyo baridi, maji ya kisima, yakashuka mgongoni mpaka nikataja majina ya mababu. Halafu fundi akawasha.

Ile sauti sitaki kuikumbuka. Waaaaa. Iko sentimita chache toka sikio lenye dawa ya viatu. Cheche zinaruka, khanga inafuka, watu wanarudi nyuma, mimi nakwenda wapi? Nasoma sala ya Baba Yetu, nimefika "mkate wetu wa kila siku", nikakumbuka tundu, nikashindwa kuendelea. Chuma kinaanza kupata moto shingoni, nahisi nondo inakaribia kuachia, fundi anasema bado kidogo bado kidogo.

Kimya.

Grenda imezima. Fundi akaiangalia grenda. Watu wakamuangalia fundi. Yule mzee, bado kakaa benchi, wala hajainuka, akasema taratibu, "LUKU hiyo."

Uniti za umeme zimeisha. Na wakala wa kuuza LUKU hapo mtaani ni nani? Ni mimi jamani. Ni mimi mwenye kichwa.

Nikachomoa simu mfukoni kwa ndani, nikaipitisha nje, ikapokelewa na mzee kwa sababu ndo yuko karibu. Namba ya mita naijua kwa kichwa, tarakimu 11, nikamtajia, akabonyeza kwa kidole kimoja, kila tarakimu anaitafuta kama amepoteza sindano. Sawa. Kiasi, sawa. Halafu simu ikasema ingiza namba ya siri.

Kuna kama watu arobaini pale. Nusu yao wako kwenye daftari langu la madeni. Nikasema naombeni mgeuke. Wakageuka kistaarabu kabisa, isipokuwa simu ya muuza chipsi. Nikamwambia mzee sogeza sikio nikunong'oneze.

"Mbili."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Saba?"

"Mbili mzee."

"Mwanangu ongeza sauti, upepo mkali."

"MBILI!"

Na watoto wote kwa pamoja, kama wako darasani: "MBILIII!"

Tukaenda hivyo hivyo mpaka tarakimu ya nne. Mtaa wote umeimba namba yangu ya siri. (Nimeshaibadilisha, msijisumbue, na nyie watatu mliojaribu jana usiku nawajua.)

Tokeni ikaja, tarakimu 20. Mita iko ukutani nje, kwa juu, ikabidi mtoto apandishwe kwenye ndoo abonyeze, mzee anamsomea. Wakafika ya 17 mtoto akacheka, akakosea. Wakarudia. Hapo nilikuwa nishanyamaza, nimekubali, nikawa nawaza tu kwamba wataniletea chakula hapa hapa, Mama Glory atanipitishia ugali, watoto watakua, wataoa, watakuja kunisalimia dirishani.

Umeme ukarudi, fundi akamalizia, akaipinda nondo kwa bomba, na mimi kwa vile nilikuwa bado navuta kwa nguvu zote nikaachiwa ghafla, nikaenda kinyumenyume nikakalia trei la mayai. Trei zima. Hiyo kwenye video haipo maana ilikuwa ndani, nawaambia tu ili mjue naandika kwa uaminifu.

Ya baadaye ni machache. Fundi kadai hela ya sikukuu. Mama Glory karudi jioni, wanangu wameshika maputo, kakuta tundu linaweza kupitisha gunia, mume sikio jeusi, akauliza, "Baba Glory, umeuza shilingi ngapi?" Nikamwambia kiberiti kimoja, kwa mkopo. Dawa ya viatu haitoki, nimetumia sabuni ya mche, nimetumia mafuta ya taa, nimeambiwa itatoka yenyewe. Mzula uko kwa fundi cherehani. Na watoto wa mtaa wana mtindo mpya, wanakuja wanasimama mbali, "Mangi, kuna mkate?" Nikisema upo wanakimbia.

Ila kuna kitu nilitaka kusema toka mwanzo nikapitiliza. Nilivyotoka tu, kabla ya kubadili suruali, mayai yananidondoka, nilifungua komeo nikaenda moja kwa moja kwenye ubao. Maana wakati wote ule nimekwama nilikuwa nimekaa na mtego wangu akilini, naulinda.

Kingi yangu haipo. Kete zangu tatu, imebaki moja, iko kona ambayo sijawahi kuipeleka. Mzee ana kingi mbili. Nikamuangalia. Watu wote wametuzunguka, simu ya muuza chipsi bado imewashwa, na mimi macho bado yananitoka maji na nimeshamwambia kila mtu pale kwa nini yanatoka.

Mzee akaniangalia kwa upole. "Mwanangu," akasema, "upepo."

Nikasema nini? Nikamletea soda yake.