Ukisema mbegu ni kinzani, taja ugonjwa

Mwaka juzi nilinunua pingili za muhogo za kutosha ekari moja. Niliambiwa ni mbegu bora, kinzani dhidi ya magonjwa, na shambani zilionekana hivyo kweli. Majani yalikuwa mapana na ya kijani, hakuna hata shina moja lenye batobato, ule ugonjwa wa kukunjakunja majani na kuyatia mabaka ya njano. Majirani walikwishaanza kuniwekea oda ya mbegu. Mwezi wa kumi tangu kupanda, mama alikata muhogo wa kwanza kwa ajili ya futari, akanyamaza, akakata wa pili. Ndani kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama gome. Nje ulikuwa mzima kabisa. Tulitupa zaidi ya nusu ya shamba, na uliobaki hata kwa makopa haukufaa.

Aliyeniuzia hakunidanganya. Mbegu ile ilikuwa inakinza batobato kweli. Iliyotuua ni michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine, wa virusi vingine, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hayo ni mambo mawili. Ndiyo maana neno "kinzani" likisimama peke yake linanikera. Ni sawa na mganga kukupa dawa "ya homa" bila kupima kama una malaria au taifodi.

Wenzetu wa Uganda waliyaona haya kabla yetu, tena kwa ukubwa wa nchi nzima. Miaka ya 1990 batobato kali iliteketeza mihogo yao hadi watu wakafa njaa. Watafiti walipochunguza, mwaka 1997 ikajulikana kwamba aliyekuwa akiua si kirusi cha zamani. Virusi viwili vya batobato vilikutana ndani ya mmea mmoja, kimoja kikachukua kipande cha vinasaba vya mwenzake, akazaliwa wa tatu mkali kuliko wote. Zikaletwa aina mpya zenye ukinzani, watu wakapanda, wakala, wakashukuru. Mwaka 2004 michirizi ya kahawia ikaonekana katika mashamba ya Uganda, na baadhi ya aina zile zile zilizokuwa zimewaokoa ndizo zilizooza ardhini. Iko aina moja iitwayo TME 204: batobato haiigusi, michirizi inaimaliza.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba michirizi ni ugonjwa wa pwani na nyanda za chini tu, kwamba juu ya mita 1,000 hauendi. Sehemu kubwa ya Uganda iko juu ya hapo. Na kirusi chenyewe si kimoja. Kufikia mwaka 2010 wanasayansi, Mtanzania Deusdedith Mbanzibwa akiwa miongoni mwao, walikwisha kuonyesha kwamba ni virusi vya spishi mbili tofauti. Mkulima akitazama jani hawezi kuvitofautisha, hata bwana shamba hawezi. Lakini muhogo unavitofautisha: kuna aina zinazokizuia kimoja na kushindwa na kingine.

Hapa Tanzania ndipo kazi ya kuichunguza michirizi na kuitafutia mbegu ilipoanzia, na inaniuma kwamba tunaizungumza kidogo sana. Kule kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, mtafiti H. H. Storey ndiye aliyeueleza ugonjwa wa michirizi kisayansi mwaka 1936. Yeye na wenzake waliona kwamba kusubiri muhogo utakaokinza wenyewe kwa bahati hakutoshi. Walichukua muhogo wakauchavusha na jamaa yake wa mbali, ule mpira wa Ceara tuliouzoea kama mti wa uzio, ambao mizizi yake hailiki. Watoto waliozaliwa walikuwa na nguvu dhidi ya virusi lakini mizizi yao haikufaa kitu, hivyo wakawarudisha kwa muhogo, kizazi baada ya kizazi, hadi mizizi ikarudi na ukinzani ukabaki. Ilikuwa kazi ya miaka ishirini, ya mikono na subira, kuchavusha ua moja moja.

Matunda yake bado yako mashambani. Namikonga, ambao wazee wa kusini wanaujua, ni uzao wa Amani. Pwani ya Kenya upo muhogo uitwao Kaleso, na vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba ni ule ule. Mbegu nyingine za Amani zilisafirishwa hadi Nigeria, zikawa shina la aina nyingi zilizoenea Afrika.

Kuna jambo jingine ambalo wauza mbegu hulipitia haraka. Kukinza ni kitu kimoja, kustahimili ni kingine. Muhogo unaokinza humzuia kirusi asizaane ndani yake. Unaostahimili humwacha aishi, ila mizizi haiozi sana. Kiroba, ambao huku Pwani tunaupenda na mimi naupanda, uko upande huo wa pili. Majani yake yanaweza kuwa na dalili na bado ukapata chakula. Uzuri huo una hatari yake, maana mtu atakata pingili kutoka shina lenye kirusi akiamini ni zima, atampelekea shemeji yake wilaya nyingine, na kirusi kitasafiri kwenye buti la basi. Inzi weupe, vidudu vidogo vinavyofyonza majani, hubeba kirusi cha michirizi kwa muda mfupi tu, hawakifikishi mbali. Safari ndefu tunaifanya sisi.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tuzalishe tu aina mpya, mengine yatajipa. Aina mpya bila kujua ni kirusi gani kiko wapi ni kupiga risasi gizani. Na kupima siku hizi si lazima sampuli ikae miezi ikisubiri zamu. Watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda, akiwemo Joseph Ndunguru aliyefanya kazi hii kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam, pamoja na mwanabaiolojia Laura Boykin na wengine, walichapisha mwaka 2019 jinsi walivyosoma vinasaba vya virusi palepale shambani, kwa mashine ndogo inayoenea kiganjani, na mkulima akapata jibu siku hiyohiyo. Jambo hilo halipaswi kubaki jaribio la wafadhili. Ninataka liwe kazi ya kila msimu, yenye fungu lake katika bajeti ya serikali, kama tunavyopima mbu na malaria. Na karatasi ya kila mzigo wa pingili iandikwe mambo matatu: inakinza nini, inastahimili nini, na haijapimwa kwa nini. Hilo la tatu ndilo lingeniokoa mimi.

Mwaka huu mama hakubali pingili za mtu yeyote kwa kuangalia majani. Anakwenda mwenyewe kwa mwenye shamba wakati wa kuvuna, anaomba ang'olewe shina analolitaka, anapasua mizizi yake yote kwa panga, kuanzia kichwani hadi mkiani. Ikiwa myeupe ndipo anafunga mzigo.