Doa la Suruali

Kanvasi ilinikodolea macho kwa siku ya tisa, nyeupe pee. Penseli zote nilishazichonga, brashi safi nikaziosha tena, mwishowe nikapaka hata ukuta wa chumba rangi mpya. Hilo la ukuta ndilo lililoniponza. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji wakodolee kuta zenye madoa, humo wataona milima, mito na watu wakipigana. Wangu haukuwa na doa hata la kusingizia.

Nikahamia kwa mchoraji Mjerumani, Max Ernst. Mwaka 1925 alitandaza karatasi juu ya mbao za sakafu, akasugua kwa penseli laini, na mistari ya mbao ikamfungulia mawazo. Sakafu yangu ni ya vigae. Nilisugua robo saa kwa penseli ya 6B, nikapata vigae.

Basi, doa nikalitengeneza mwenyewe. Unapaka rangi nzito kwenye plastiki ngumu, unalaza karatasi, unakandamiza kwa kiganja, unabandua taratibu kuanzia pembeni. Rangi ikivutwa inaacha mishipamishipa kama ya majani. Ikiwa ni akriliki, bandua kabla dakika haijaisha: hukauka kadiri maji yanavyoitoka, na karatasi huyanywa maji hayo kwa pupa. Rangi ya mafuta ingenisubiri. Mimi ndiye sikutaka kuisubiri yenyewe.

Karatasi ya A4 inatosheka na kijiko kimoja. Nikamimina vitatu. Kiganja nikakiona dhaifu, nikaikalia.

Nilipotua tu, wazo hilo! Siku tisa limejificha, limenijia nimekalia rangi. Nikavuta daftari, nikachora, nikafuta, nikachora tena. Dakika 40.

Kuinuka, plastiki nayo ikainuka.

Maji ya moto hayasaidii. Akriliki ikishakauka ni plastiki, ukiimwagia maji umeiogesha tu. Spiriti huilainisha, ila chupa ilikuwa rafu ya juu, nami kila nikijinyoosha, mkia wangu unagonga meza. Mdogo wangu akaingia kwa kusikia kishindo.

“Kaka, usigeuke!”

“Acha kucheka, bandua!”

Akashika pembe, akavuta. Praaa! Karatasi ikachanika, nusu ikaondoka na plastiki, nusu ikabaki nami. Kimya. Kisha akasogea karibu, karibu mno.

“Kaka, hapa kuna ndege. Na huyu mzee ana fimbo.”

Nikapinda shingo mpaka ikalia, nisione kitu. Nikakimbilia daftari, angalau lile wazo la dakika 40 liniokoe. Lilikuwa kiti.

Sasa suruali imetundikwa kwenye ule ukuta mweupe, nami niko mbele yake na kanvasi. Ndege nimeshamchora. Mzee ndiye simwoni. Mdogo wangu anasema suruali nimeitundika juu chini.