Kiwanda Kidogo cha Mvinyo Kianze na Mfereji, Si Jengo

Mtu anayetaka kujenga kiwanda kidogo cha mvinyo kando ya shamba lake la mizabibu huenda ofisi ya mipango akiwa na mchoro mzuri wa jengo, wenye paa la kuvutia na baraza linalotazama shambani. Akifika huko huulizwa mambo ambayo mchoro haukuyagusa: ardhi imetengwa kwa matumizi gani, maji yatatoka wapi na yataishia wapi, lori litageuzia wapi, na wageni watakuwa wangapi siku za mapumziko. Wengi huyaita maswali hayo urasimu, lakini kwa maoni yangu lile la maji ndilo lingepaswa kutangulia, na baraza lijadiliwe mwisho kabisa.

Ugumu huanza na jina la matumizi yenyewe. Kulima zabibu ni kilimo, kuzikamua na kuzichachusha ni kazi ya kiwanda, na kumuuzia mgeni glasi ya mvinyo ni biashara. Kiwanda kidogo hufanya yote matatu kwenye kiwanja kimoja. Mwaka 1990, Kaunti ya Napa katika jimbo la California, Marekani, iliamua kwamba angalau asilimia 75 ya zabibu zinazotumiwa na viwanda vipya ziwe zimelimwa ndani ya kaunti hiyo, ili ardhi ya kilimo isigeuke eneo la viwanda vinavyosindika mazao ya mbali. Naikubali hoja hiyo, kwa kuwa inakitambulisha kiwanda kwa zabibu zake na si kwa umbo la jengo. Ila sharti la namna hiyo lapaswa kumwachia mkulima anayeanza nafasi, maana mzabibu uliopandwa leo huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana, na katika kipindi hicho hana budi kununua zabibu za wengine.

Tuje kwenye maji. Chukua kiwanda cha lita 10,000 kwa mwaka, yaani chupa zipatazo 13,000 kutokana na takriban tani 15 za zabibu. Msimu wa mavuno, usiku, mfanyakazi ameshika mpira wa maji na kuosha sakafu, kinu cha kukamulia, kisha tangi moja baada ya jingine. Maji ya zambarau yenye maganda, mbegu na chachu yanateremka mferejini. Kila lita ya mvinyo huweza kutumia lita kadhaa za maji, na sehemu kubwa ni ya kuosha tu. Maji hayo hayana kinyesi, hivyo mwombaji hudhani hayana madhara. Kumbe yamebeba sukari, pombe na asidi, na bakteria wanaovila vitu hivyo hutumia oksijeni mara kumi au zaidi ya ile inayohitajika kwa maji taka ya nyumbani. Yakiingia kijitoni, samaki hukosa pumzi. Yakielekezwa kwenye shimo la maji taka lililochimbwa kwa ajili ya familia moja, shimo hilo huzidiwa kabla mavuno hayajaisha. Yakimwagiliwa shambani yakiwa na mabaki ya soda kali ya kusafishia matangi, sodiamu yake huufanya udongo wa mfinyanzi uzibe na kukataa kunywa maji.

Kwa sababu hiyo, ofisi inayouliza wastani wa maji kwa mwaka inajidanganya. Sehemu kubwa ya uchafu huo hutoka katika majuma machache, na takwimu inayofaa kudaiwa ni ya siku yenye kazi nyingi kuliko zote.

Makapi ya zabibu zilizokamuliwa yapewe mahali pa kuozeshwa mbali na visima na madirisha ya majirani. Mitambo ya kupoza ielekezwe upande usio na nyumba, kwa kuwa hunguruma usiku kucha. Chumba cha kuchachushia kiwe na matundu ya hewa chini karibu na sakafu: lita moja ya maji ya zabibu hutoa zaidi ya lita 40 za kaboni dioksidi, na gesi hiyo, ikiwa nzito kuliko hewa, hutuama chini na inaweza kuua.

Chumba cha kuonjea mvinyo na sherehe za harusi, naona viombewe kibali cha peke yake. Majirani wanaopinga viwanda hivi mara nyingi hawana ugomvi na mvinyo. Wanachogombea ni muziki na magari kwenye barabara nyembamba. Mwombaji anayeandika “wageni wachache” huku mchoro wake una maegesho ya magari hamsini amejivunjia heshima mwenyewe.

Mamlaka nazo hukosea. Kumdai mwenye lita 10,000 tathmini ileile ya mazingira anayodaiwa mwenye lita milioni ni kumfungia mlango. Viwango vipangwe kwa ujazo, na aliye chini ya kiwango ajaze fomu fupi, aonyeshe mchoro wa mifereji na akaguliwe msimu wa mavuno, mpira wa maji ukiwa unafanya kazi. Tena apewe tarehe ya kujibiwa, kwa sababu kibali kikichelewa mwezi mmoja tu baada ya zabibu kuiva, atakuwa amekwisha kuziuza kwa mwenye kiwanda kikubwa.