Gharama ya nani? Vyuo vikuu vya Uganda na hesabu ya matibabu

Bajeti ya utafiti wa gharama za matibabu ikipunguzwa, kinachoondolewa kwanza ni mahojiano na wagonjwa. Nililishuhudia hilo nikiwa msaidizi wa utafiti katika mradi mmoja magharibi mwa Uganda. Tulipanga kuwafuata wagonjwa majumbani tuwaulize walitumia nini kufika kituoni. Fedha zilipopungua tukabaki na madaftari ya kituo: dawa zilizotolewa, mishahara ya wauguzi, vipimo vya maabara. Hesabu zetu hazikuwa na kosa, ila mgonjwa hakuwamo ndani yake.

Kwa nchi yetu hilo si pengo dogo. Machi 2001 serikali ilifuta ada katika vituo vya afya vya umma, na watu wakaongezeka vituoni, hasa maskini. Hata hivyo dawa zikiisha stoo, mgonjwa huandikiwa karatasi akanunue mwenyewe dukani. Ongeza nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, ongeza siku ya kibarua iliyopotea, na chakula cha ndugu anayemuuguza wodini. Huduma ambayo kwa hazina ni nafuu huenda ikawa nafuu kwa sababu tu mzigo umehamishiwa kwa mama mwenye mtoto mgongoni.

Utafiti wa Jinja, mji ulio mashariki mwa Uganda, unaonyesha kinachopatikana pande zote mbili zikihesabiwa. Kati ya 2005 na 2009, watafiti wakishirikiana na TASO, shirika la Uganda linalowahudumia watu wenye UKIMWI, waliwafuatilia wagonjwa 1,453 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Baadhi walizifuata dawa kliniki kila mwezi, wengine walipelekewa nyumbani na wahudumu wa pikipiki waliopewa mafunzo. Virusi vilidhibitiwa kwa kiwango kilekile. Upande wa huduma, kumtibu mtu nyumbani kuligharimu dola 793 kwa mwaka na kumtibu kliniki dola 838, tofauti ambayo mhasibu angeweza kuipuuza. Tofauti kubwa ilikuwa mfukoni mwa mgonjwa: aliyekwenda kliniki alitumia mara mbili au zaidi ya aliyepelekewa. Kama wangesoma madaftari peke yake, wangeandika kwamba njia hizo mbili zinakaribiana, na jambo kubwa kuliko yote lingepotea.

Wanaotaka zihesabiwe gharama za serikali peke yake wana hoja nzito, na sitaki kuipunguza uzito. Wizara ya Afya haina mamlaka juu ya nauli wala mavuno. Ina fungu moja, na swali lake la kila mwaka ni hili: fungu hili likiwekwa wapi litaokoa maisha mengi zaidi? Utafiti unaojumlisha kila senti ya jamii unaweza kupendekeza jambo zuri ambalo hazina haiwezi kulilipia. Hata kipimo kilichotumika kwa miaka mingi, cha kuiita tiba nafuu iwapo gharama ya kumpatia mtu mwaka mmoja wa maisha yenye afya haizidi mara tatu ya pato la mtu mmoja kwa mwaka, kilipitisha tiba nyingi ambazo nchi maskini haziwezi kuzimudu.

Upo pia mfano wa DART, utafiti uliofanyika Uganda na Zimbabwe kwa wagonjwa 3,316 waliokuwa wakianza dawa za UKIMWI. Nusu yao walipimwa damu mara kwa mara na majibu yakapelekwa kwa daktari, nusu nyingine daktari aliongozwa na dalili za ugonjwa. Baada ya miaka mitano asilimia 90 ya kundi la kwanza walikuwa hai, na asilimia 87 ya kundi la pili. Hao watatu katika kila mia ni watu, na sijui njia ya kuwaandika bila moyo kuuma. Lakini waliofanya hesabu walionyesha kwamba kwa bei za wakati ule, fedha za vipimo vya mara kwa mara zingefaa zaidi kuwapa dawa waliokuwa bado hawajazipata. Jibu hilo lilitokana na kuitazama hazina kwa ukali, na nadhani lilikuwa jibu sahihi.

Kwa hiyo sisemi mtazamo mmoja uufute mwingine. Ninachopinga ni uchaguzi huo kufanywa kimyakimya na mtu anayekata bajeti, mara nyingi akiwa mbali na Uganda. Mfadhili wa nje huja na ukaguzi mkali wa fedha, nidhamu ya takwimu na walimu wazuri, na vijana wengi wa vyuo vikuu vya Makerere na Mbarara wameijifunza kazi hii kupitia kwake. Ila swali huwa lake, na ratiba pia. Taasisi za afya za Marekani, NIH, huwapa vyuo vya nje asilimia 8 tu ya kuendeshea ofisi, na hapo ndipo wahasibu wanapopaswa kulipwa. Mwaka 2025 fedha za Marekani zilipositishwa ghafla, ilionekana wazi jinsi kazi iliyojengwa juu ya mfuko wa mtu mwingine inavyotikisika.

Tangu 2019 serikali imekuwa ikiipa Makerere mfuko wa utafiti na ubunifu, ambao ulianza na shilingi bilioni 30 kwa mwaka. Ningependa kila ombi la utafiti wa gharama linaloletwa kwenye mfuko huo litaje mapema, kabla ya kibali cha maadili, gharama ya nani inahesabiwa na kwa nini. Mtafiti akichagua hazina peke yake, aitetee sababu yake kwa maandishi, na matokeo yachapishwe yakieleza hivyo waziwazi. Akimchagua mgonjwa pia, fedha za mahojiano zitengwe kwenye fungu lisiloguswa, na bajeti ikibana, zipunguzwe kwanza safari za mikutano.