Shingo ya kaka yangu na sindano ya nusu saa

Siku ya tatu tangu kaka yangu aanze haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, shingo yake ilipinda upande wa kushoto ikakataa kurudi. Macho juu darini, taya limekaza. Nyumba zetu za Ngamiani, Tanga, hazina siri: kabla ya magharibi ua ulishajaa watu, na shangazi ameshaagiza ubani. "Vidonge vimemuudhi jini wake," akasema, na mimi nikaingiwa na hofu ileile.

Tulimpakia kwenye bajaji. Nesi wa zamu hakushtuka hata kidogo. Alimchoma sindano ya promethazini, na haikufika nusu saa shingo ikalegea. "Hii huwapata sana vijana wa kiume siku za mwanzo," akatuambia.

Mbona hatukuambiwa siku tuliyopewa dawa? Shangazi simlaumu, hakuna aliyempa maelezo mengine.

Na maelezo yapo. Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958, katika maabara ya Paul Janssen, na utendaji wake unajulikana. Inaziba vipokezi vya dopamini kwenye ubongo, yaani milango inayopokea kemikali hiyo ya kupitishia ujumbe, ndipo zile sauti alizokuwa akizisikia kaka zikafifia. Lakini dopamini hiyohiyo husaidia kuongoza misuli. Ikizibwa kupita kiasi, shingo hupinda, mikono hutetemeka, mtu hutembea kama ubao. Vidonge vya benzheksoli vinasaidia hapo.

Kinachonitia hofu zaidi ni kule kutotulia kunakoletwa na dawa yenyewe. Mgonjwa anakaa, anainuka, anazunguka uani usiku kucha, hawezi kueleza kinachomsumbua. Ndugu wanadhani ugonjwa umerudi, wanaomba dozi iongezwe. Ikiongezwa, anazidi kuhangaika. Daktari anayeitambua hali hiyo huipunguza dozi au hubadilisha dawa.

Dawa hii naitetea. Kaka leo anameza nusu ya kile alichoanza nacho na amerudi kwenye cherehani yake, Barabara ya kumi na mbili. Lakini ninawajua waliotupa vidonge chooni baada ya usiku mmoja kama ule wetu, wakabaki na kombe la maandishi ya Kurani peke yake, na miezi michache baadaye kijana wao akafungwa kamba.

Kwa hiyo nawaomba mnaotoa dawa dirishani, kabla hamjamwita anayefuata, mwambieni aliyemsindikiza mgonjwa: shingo ikipinda au ulimi ukikaza, mleteni usiku huohuo. Akipata homa kali na mwili ukawa mgumu kama gogo, msimpe kidonge kingine, kimbieni hospitali.