Kabla ya Mashine ya Kuchimbia, Nunua Kikaza Waya

Kuna fensi moja kando ya barabara ya kwenda Isinya ambayo imeniudhi hadi nimeshindwa kunyamaza. Haijamaliza hata masika moja. Posti ya pembe imeinamia ndani ya shamba, seng'enge ya chini imelegea, na mbuzi wa jirani wanaingia na kutoka watakavyo. Mwenye shamba alishalipa hela yote. Aliyeifunga ni kijana mwenye bidii, na ana mashine mpya ya petroli ya kuchimbia mashimo, ya mkopo. Kikaza waya hana. Waya aliuvuta kwa pikapu.

Ninakasirika kwa sababu hayuko peke yake. Vijana wengi wanaoingia kwenye kandarasi za fensi huanza na kitu chenye injini, maana mteja akisikia mngurumo anaamini amepata kontrakta wa kweli. Mkopo wote unaishia hapo. Vifaa vya kukazia waya na kushindilia posti, ambavyo ndivyo vinavyoamua fensi itasimama miaka mingapi, vinaazimwa au vinabuniwa papo hapo shambani.

Hebu fikirini kuhusu hiyo pikapu. Aliye kwenye usukani hana namna ya kujua waya umekazika kiasi gani. Anakanyaga mafuta kidogo, waya unalia, anakanyaga tena. Ukikatika unarudi kwa kasi na miba yake yote, na kibarua aliyesimama karibu na posti ndiye anayeupokea usoni. Usipokatika, huenda umeshavutwa kupita uwezo wake, au umeilegeza posti ya pembe kwenye shimo lake bila mtu kuona. Mvua ikinyesha ndipo mambo yanajitokeza, na kontrakta keshaondoka.

Kikaza cha mnyororo kina taya zinazouma waya na mpini unaouvuta jino baada ya jino. Mkono wako unausikia uzito ukiongezeka. Unasimama pale unapotaka, unafunga waya kwenye posti, halafu unakilegeza taratibu. Kwa bei ya mashine ya kuchimbia unapata vikaza zaidi ya kimoja na bado hela ya glavu nzito za ngozi na miwani ya kukinga macho inabaki. Kibarua asiye na miwani asiguse waya uliokazwa. Hilo halina mjadala.

Kifaa cha pili ni cha kushindilia: mtaimbo mzito wenye kichwa bapa. Tia udongo kama inchi 6, shindilia, tia tena, shindilia, mpaka juu. Posti ya pembe hubeba mvuto wa mstari mzima, kwa hiyo iende chini karibu mita moja na iwekewe saporti. Nimeona watu wakijaza shimo lote kwa sepetu mara moja kisha wanakanyagakanyaga juu kwa viatu. Hata misumari ya U ina adabu yake. Igeuze kidogo ili miguu yake miwili isiingie kwenye ufa mmoja wa mti, la sivyo posti itapasuka. Kwenye posti za katikati usiizamishe mpaka ikabana waya. Acha waya uweze kuteleza, ili siku ng'ombe akiuegemea, mzigo ugawanyike mstari mzima.

Nakubali, mashine ya kuchimbia ina mahali pake. Kwenye udongo laini wa Njoro inaokoa migongo ya watu. Lakini ipeleke Kajiado kwenye mawe, ikikwama ghafla inageuza mikono ya anayeishika, na bado mtamaliza kwa mtaimbo na sururu. Kwenye udongo mweusi wakati wa mvua, tope linashika kwenye parafujo hadi unalikwangua kila baada ya shimo. Udongo huohuo hujaa maji ukavimba, kiangazi ukapasuka, na posti iliyowekwa juujuu inasogea. Kwa hiyo kodi mashine pale udongo unapoifaa.

Ukikodi trekta lenye mtambo wa kuchimbia, angalia kwanza ule mhimili unaozunguka nyuma yake. Kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Ukinasa koti au kamba ya kofia, hakuna dereva atakayewahi kuzima. Kama hauna kifuniko, rudisha trekta hata kama mteja anakusukuma.

Kuhusu waya: unene wake hutajwa kwa geji, na namba ikishuka waya ni mnene zaidi. Geji 16 ni karibu milimita 1.6 na geji 12.5 ni karibu milimita 2.5. Mwonyeshe mteja zote mbili mkononi kabla ya kuandikiana bei.

Fensi ya umeme inataka kipima volti chake maalumu, kwa kuwa inapiga maelfu ya volti kwa mapigo mafupi na mita ya fundi wa nyumba haikutengenezwa kwa hilo. Usibanie pia fimbo za athi, yaani zile za chuma zinazochomekwa ardhini. Wakati wa kiangazi udongo mkavu hauupitishi umeme vizuri, na fensi inakufa hata kama kifaa cha kuutoa ni cha bei ghali. Fensi ya umeme inayozunguka msitu wa Aberdare, karibu kilomita 400, ilianza 1989 na kukamilika 2009, na mpaka leo inahitaji watu wa kuikagua na kuitengeneza. Mkulima wa ekari tano naye aambiwe mapema kwamba nyasi zikigusa waya, nguvu inapotea.

Vijana wangu, mkishapata vikaza, mtaimbo wa kushindilia, plaisi za fensi na kikatio kinachoweza waya mgumu, chukueni kazi. Kabla ya kutaja bei, chimbeni shimo moja la majaribio katika kila pembe ya shamba kwa mkono. Andikeni kwenye mkataba bei ya shimo la udongo na bei ya shimo la mawe, kila moja peke yake, na mwenye shamba atie sahihi kabla ya posti ya kwanza kushushwa.